UPELE WA WATU NA UKURUTU WA MIFUGO: Tumia krimu ya dawa kwa usalama, dawa ya josho iache kwa ng'ombe



Kipeperushi hiki kinahusu ngozi ya mtoto wako kuliko ngozi ya mbuzi wako. Utashangaa kwa nini bwana mifugo anaandika habari za watu. Sababu ni hii.

Msimu mmoja wa masika, mama mmoja wa boma la Miteja alinijia mbio akiwa na mtoto mgongoni. Mtoto alikuwa amelegea, analala kila anapoamshwa, na mapigo ya moyo yalikuwa ya polepole. Mkononi mama alishika chupa ya dawa ya kuogesha ng'ombe. Mtoto alikuwa na upele, halali usiku kwa kujikuna, na mama alikuwa amempaka dawa ile mwili mzima. Nilipomuuliza nani alimwelekeza, alinijibu: "Bwana mifugo, ni wewe mwenyewe. Mwezi uliopita ulituambia dawa hii inaua wadudu wa ukurutu wa mbuzi. Upele si wadudu hao hao?"

Tulimwosha mtoto kwa sabuni na maji mengi, tukampeleka hospitali pamoja na ile chupa, akapona. Lakini swali la mama yule lilikuwa la haki. Mimi nilifundisha habari za mbuzi, nikasahau kusema kuhusu watu. Somo hili ndilo jibu lake.

1. UPELE NI NINI?

Upele husababishwa na mdudu mdogo sana ambaye macho hayamwoni vizuri. Ni ndugu wa kupe na utitiri wa kuku, kwa kuwa naye ana miguu minane. Jike huchimba njia nyembamba chini ya ngozi ya juu na kutaga humo mayai 2 au 3 kila siku. Mayai huanguliwa baada ya siku 3 hadi 4, na katika muda wa wiki mbili hivi watoto wake nao wamekua na wanaanza kutaga.

Mtu mwenye upele wa kawaida huwa na wadudu wachache tu, mara nyingi 10 hadi 15 mwili mzima. Kinachowasha zaidi ni mwili kuukataa mdudu, mayai yake na kinyesi chake. Mambo mawili yanatokana na hilo:

- Mtu anayepata upele kwa mara ya kwanza huweza kukaa wiki 4 hadi 6 bila kuwashwa, huku tayari anaambukiza wengine. Ndiyo maana asiyejikuna naye lazima apakwe dawa.
- Wadudu wakishakufa, kuwashwa huweza kuendelea kwa wiki 2 hadi 4. Huko si kushindwa kwa dawa.

Utautambua upele hivi:

- Kuwashwa kunazidi usiku, mtu anapopata joto la kulala.
- Vipele viko katikati ya vidole, kwenye vifundo vya mikono, viwiko, makwapani, kiunoni, matakoni, kuzunguka chuchu za kina mama na kwenye sehemu za siri za wanaume.
- Kwa watoto wachanga vipele hutokea pia viganjani, kwenye nyayo, usoni na kichwani.
- Watu wawili au zaidi wanaolala pamoja wanajikuna.

Upele si uchafu wala laana. Huambukizwa kwa ngozi kugusana kwa muda, kama watoto wanaolala kwenye ngozi moja au kujifunika shuka moja. Hata boma safi huupata.

2. JE, UPELE UNATOKA KWA MBUZI NA MBWA?

Hili ni swali ninaloulizwa kila mnada. Jibu ni hapana, ila kuna jambo la kuelewa.

Mdudu wa ukurutu wa mbuzi, mbwa au ndama anafanana sana na wa mtu, lakini kila mmoja amezoea ngozi ya mwenyeji wake. Wa mbuzi akihamia kwako atakuuma na kukuwasha, lakini hawezi kuzaliana na kuendelea kuishi mwilini mwako. Wa mtu naye haendi kwa mbuzi.

Tofauti ziko hivi:

- Ukiumwa na wadudu wa mnyama, kuwashwa huanza mapema, pale ulipomshika mnyama: mikono ya mbele, kifua, mapaja. Hakuna vijinjia katikati ya vidole. Mnyama akitibiwa, nawe huacha kuwashwa baada ya wiki moja au mbili bila dawa ya upele.
- Upele wa mtu hauishi wenyewe. Huzidi, na huhama kutoka kwa mtoto kwenda kwa mama, na kutoka kwa mama kwenda kwa baba.

Kwa hiyo boma likiwa na mbuzi wenye ukurutu na watoto wenye upele, hayo ni magonjwa mawili. Mbuzi ni kazi yangu mimi, watoto ni kazi ya zahanati. Yatibiwe yote mawili, kila moja kwa dawa yake.

3. KWA NINI DAWA YA MIFUGO NI HATARI KWA MTU?

Wapo wanaosema, "Dawa ni dawa, tofauti ni chupa tu." Tuangalie dawa tatu zinazopatikana katika kila boma.

Amitrazi. Hii ndiyo iliyomlegeza mtoto wa yule mama. Ikiingia mwilini mwa mtu kupitia ngozi au mdomo, huleta usingizi mzito, kutapika, mapigo ya moyo kupungua, presha kushuka na pumzi kuwa hafifu. Chupa yenye nguvu ya asilimia 12.5 huchanganywa mililita 2 kwa lita 1 ya maji kabla ya kumwogesha ng'ombe. Ikiwa hata ng'ombe mwenye ngozi nene haogeshwi bila kuizimua, ngozi ya mtoto itaiweza wapi? Tena kuizimua hakuifanyi iwe dawa ya watu. Hata kwa wanyama si wote wanaoiweza: punda usimwogesha kwa amitrazi.

Sipermethrini. Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa kuwa jina lake linafanana na permethrini, dawa ya krimu ya upele wa watu. Ni kweli zote mbili ni za ukoo mmoja, na zilitengenezwa kwa kuiga sumu iliyomo kwenye maua ya pareto, yale yanayolimwa Nyanda za Juu Kusini. Lakini sipermethrini ina nguvu zaidi. Pia ile ya mifugo huyeyushwa katika vimiminika vya jamii ya mafuta ya petroli, ambavyo huunguza ngozi na kudhuru mapafu vikinywewa. Krimu ya watu imepimwa nguvu yake na imetengenezwa ili ikae juu ya ngozi ya mtu.

Ivermektini ya sindano. Ndugu zetu wa pwani wanaijua ivermektini kwa vidonge vinavyogawiwa kuzuia matende na mabusha. Unakumbuka jinsi mgawaji anavyompima kila mtu urefu kwa kijiti kabla ya kumpa vidonge, na mtoto asiyefika sentimita 90 hapewi kabisa. Ndivyo dawa ile inavyohitaji kipimo. Chupa ya sindano ya ng'ombe imetengenezwa kwa mnyama wa mamia ya kilo. Isidungwe, isinywewe wala isipakwe kwa mtu. Vidonge vya watu hutolewa hospitalini, wala si kwa mjamzito au mtoto mwenye chini ya kilo 15.

Vilevile usipake mafuta ya taa, dizeli, oili chafu wala maji ya betri. Na kwa majirani zetu wenye mikorosho: salfa ya unga inayopulizwa kwenye mikorosho kuzuia ubwiri unga si dawa ya ngozi. Hospitali wana marhamu ya salfa iliyopimwa, na ni dawa nzuri. Unga wa shambani ukiuchanganya na mafuta ya nazi hujui umeweka kiasi gani, na ngozi itaungua.

4. KRIMU GANI NI SAHIHI?

Nenda kwanza zahanati ili waone kama kweli ni upele. Ukiambiwa ndiyo, dawa za kupaka ni hizi:

a) Krimu ya permethrini ya asilimia 5. Soma boksi, au mwombe mtoto anayesoma akusomee: liwepo neno "Permethrin" na namba "5%". Hii ndiyo rahisi kutumia, na hufaa kuanzia mtoto wa miezi 2.

b) Dawa ya maji meupe kama maziwa, inayoitwa BBE. Hukaa mwilini saa 24 na kupakwa tena kama utakavyoelekezwa. Huwasha kama moto kwenye ngozi iliyochubuka. Kwa watoto lazima ipunguzwe nguvu kwa maji, na kipimo utapewa na mhudumu wa afya. Usikisie.

c) Marhamu ya salfa, asilimia 5 hadi 10. Hupakwa usiku 3 mfululizo. Inanuka na inachafua nguo, lakini ni salama kwa watoto wachanga sana na kwa wajawazito.

Mjamzito, mama anayenyonyesha na mtoto wa chini ya miezi 2 wasipakwe chochote kabla ya kuonwa zahanati.

Jihadhari na krimu za mchanganyiko zinazouzwa kwa kila ugonjwa wa ngozi. Nyingi zina betamethasoni au klobetasoli. Hizi hupunguza kuwashwa kwa siku chache, mtu akadhani amepona, kumbe kinga ya ngozi imelala na wadudu wanazaliana. Baadaye upele hurudi ukiwa mwingi zaidi na hata daktari hupata taabu kuutambua.

5. HESABU WATU KABLA YA KWENDA DUKANI

Kosa linalopoteza fedha nyingi ni kununua tyubu moja kwa boma zima na kupaka wanaojikuna tu. Krimu ya permethrini, kwa kupaka mara moja, hutumika hivi:

- Mtu wa zaidi ya miaka 12: hadi gramu 30
- Mtoto wa miaka 6 hadi 12: hadi gramu 15
- Mtoto wa mwaka 1 hadi 5: hadi gramu 7.5
- Mtoto wa miezi 2 hadi mwaka 1: karibu gramu 4 tu

Mfano: nyumba ina baba, mama, watoto wawili wa shule ya msingi na wadogo wawili wa miaka 2 na 4. Watu wazima ni gramu 60, wa shule gramu 30, wadogo gramu 15. Jumla ni gramu 105. Na kwa kuwa mnapaka mara mbili, ni gramu 210, yaani tyubu 7 za gramu 30. Angalia uzito ulioandikwa, maana ziko tyubu za gramu 15 pia.

Ukiona fedha haitoshi, usigawanye tyubu moja kwa watu sita. Mwambie mhudumu wa zahanati ukweli, akupe BBE au salfa, ambazo huwa na bei nafuu, kwa watu wote. Dawa nafuu iliyofika kwa wote hushinda dawa ghali iliyofika kwa wawili.

6. JINSI YA KUPAKA, HATUA KWA HATUA

Chagueni usiku mmoja kwa watu wote wanaolala katika nyumba ile. Vijana walioko malishoni mbali warudi, au wapelekewe dawa yao wapake usiku uleule. Kijana mmoja aliyeachwa nje ya dawa atarudi na upele na kuurudisha kwenye boma zima.

1. Malizeni kukamua na kufunga ndama kwanza. Aliyepaka dawa mikononi asikamue, kwa sababu dawa itaingia kwenye maziwa, na akinawa mikono dawa imetoka.

2. Kateni kucha fupi. Ogeni kwa maji ya kawaida, si ya moto. Jikausheni na mngoje mwili upoe.

3. Karibu saa 1 usiku, pakeni krimu nyembamba kuanzia shingoni hadi nyayoni. Msipake palipo na vipele tu. Pakeni katikati ya vidole vya mikono na miguu, chini ya kucha, kwenye vifundo, makwapani, kitovuni, kiunoni, katikati ya matako na sehemu za siri za nje. Mgongoni mpakane.

4. Kwa watoto wa chini ya miaka 2 na wazee sana, pakeni pia kichwani, usoni na nyuma ya masikio, mkiepuka macho na mdomo. Mtoto anayenyonya vidole avalishwe soksi mikononi.

5. Vueni shanga, bangili na pete ili dawa ifike chini yake. Vivaliwe baada ya kuoshwa.

6. Msipake ndani ya macho, pua, mdomo wala kwenye kidonda kibichi. Ikiingia machoni, oshani kwa maji mengi.

7. Mkinawa mikono usiku, pakeni tena mikononi.

8. Krimu ikae saa 8 hadi 14. Ukipaka saa 1 usiku na kuoga saa 11 alfajiri, ni saa 10, na ng'ombe wanakungoja ukiwa safi. Oga kwa sabuni ndipo ukakamue.

9. Baada ya siku 7 rudieni hatua zote. Upakaji huu wa pili ni wa kuwapata waliokuwa bado mayai. Ni sawasawa na kuogesha mifugo: hukuogesha mara moja ukasema kupe wameisha.

Baada ya hapo acheni. Kuwashwa kulikobaki kusiwafanye mpake kila siku, kwani dawa ikizidi huchoma ngozi nayo huwasha, na utadhani ni upele ule ule.

7. SHUKA, NGOZI NA VITANDA

Mdudu wa upele wa mtu akitoka mwilini huishi siku 2 hadi 3 tu. Huna haja ya kuchoma kitu. Asubuhi ile ya kuoga:

- Fueni shuka, khanga, nguo na matandiko yaliyotumika siku 3 zilizopita, kwa maji ya moto ikiwezekana, na kuanika juani.
- Kisichofulika, kama ngozi ya kulalia au blanketi zito, kifungeni katika mfuko wa plastiki au kikaeni bila kutumika kwa siku 3 kamili, kisha kianikwe.
- Msinyunyizie dawa ya mifugo juu ya kitanda, godoro au nguo za mtoto. Sumu itapita kwenye nguo na kufika kwenye ngozi.

8. HIFADHI NA AJALI

Wekeni dawa za watu na dawa za mifugo mahali tofauti, zote juu, mbali na watoto. Dawa ya josho isiwekwe kamwe kwenye chupa ya soda au ya maji. Pampu ya kunyunyizia isitumike kuchotea maji ya kunywa. Na mwenye paka ajue kwamba permethrini inaua paka: asimpake, na paka asilale na mtu aliyepakwa.

Mtu akimwagikiwa au akipakwa dawa ya mifugo:
- Mvue nguo zote na umwoshe kwa sabuni na maji mengi, pamoja na nywele na kucha.
- Mpeleke kituo cha afya mara moja, pamoja na chupa yenyewe.

Akiinywa:
- Usimtapishe. Usimpe maziwa wala mafuta. Suuza mdomo na mkimbilie hospitali na chupa.
- Akisinzia, mlaze kwa ubavu na uangalie pumzi yake njiani.

9. NENDA HOSPITALI HARAKA UKIONA HAYA

- Vipele vimetunga usaha, ngozi imevimba, au mtoto ana homa. Vidonda vya kujikuna huingiza vijidudu vinavyoweza baadaye kudhuru figo.
- Uso kuvimba asubuhi, au mkojo mwekundu au kama chai ya rangi, hata kama upele umepungua.
- Ngozi ya mzee au mgonjwa imekuwa na magamba manene. Huu ni upele wenye maelfu ya wadudu, na huambukiza upesi sana.
- Wiki 4 zimepita tangu upakaji wa pili na vipele vipya bado vinatoka.

Kutoka Miteja, anzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Mambo makubwa yanapelekwa Hospitali ya Wilaya, Kinyonga, Kilwa Kivinje.

10. NA MBUZI JE?

Usisahau upande wangu. Mbuzi au mbwa mwenye ngozi ngumu, manyoya yaliyonyonyoka masikioni, usoni au miguuni, na anayejisugua kwenye miti, mtenge na wenzake na uniite. Nitakuambia dawa, kipimo kwa uzito wake, na siku ambazo maziwa na nyama yake visitumike. Watoto wasilale na wana-mbuzi wagonjwa. Unapoogesha vaa glovu na nguo ndefu, simama upande unakotoka upepo, na uoge ukimaliza.

KUMBUKA MANNE

1. Upele wa mtu, dawa ya mtu. Ukurutu wa mbuzi, dawa ya mbuzi.
2. Watu wote, usiku mmoja, shingoni hadi nyayoni.
3. Rudia baada ya siku 7, kisha acha.
4. Kuwashwa kwa wiki chache baadaye si kushindwa kwa dawa.

Wafugaji wengi wa Kilwa walifika huku na mifugo yao tangu mwaka 2006 na 2007, walipohamishwa kutoka Usangu na Ihefu. Kwa safari zile na kwa kuishi mbali na zahanati, watu walizoea kujitibu kwa kilichomo ndani ya boma. Nalielewa hilo. Lakini chupa ya josho haikupimwa kwa ajili ya mtoto. Kabla hujafungua kizibo, tuma mtu kwangu au kwa mhudumu wa afya wa kijiji uulize. Kuuliza hakuna gharama, na yule mama wa Miteja sasa ndiye anayewaambia wenzake hivyo.

Msomee kipeperushi hiki jirani asiyejua kusoma.

Afisa Ugani wa Mifugo
Kata ya Miteja, Wilaya ya Kilwa